Ijumaa za Kukwangua Kucha

Usinianzie habari za kucha, tafadhali. Mimi Orpah nimepaka kucha za mabibi harusi na walimu wa nusu ya Kisii pale soko la Daraja Mbili, na maneno ya kumwambia mteja nayajua yote. Jeli, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa, haibanduliwi, inalowekwa. Weka pamba yenye asetoni, funga kidole kwa foili, tulia. Isiguse ngozi. Ukishaitoa, paka mafuta na uzipumzishe kucha wiki mbili. Niliwahubiria hivyo mpaka wakanicheka.

Za kwangu nilizipumzisha Sabato tu.

Kwetu ni Nyacheki, kwenye chai, na nyumba yetu ni ya Kisabato. Mama hataki kuona rangi kwenye kidole cha mtu anayeenda kanisani. Lakini sokoni mteja huangalia mikono yako kabla hajakupa yake. Fundi mwenye kucha kavu, nani atamkalia? Basi Jumapili najipaka. Ijumaa wateja wanajaa mpaka mlangoni, na jua likizama Sabato imeingia, lazima niwe nyumbani. Kuloweka saa ngapi? Nachukua wembe nakwangua. Ikikataa nang'oa kwa meno. Kila Ijumaa, jameni, kila Ijumaa!

Fardosa, anayepaka hina kibanda cha pili, alinikuta siku moja wembe mkononi. "Wee Orpah! Hizo ni kucha ama maganda ya viazi? Si umwambie mamako ukweli upumue?"

"Humjui mama yangu," nikamjibu.

Kucha zikawa laini kama karatasi, na Jumapili jeli ikawa inaingia kwenye vidonda vya wembe. Vidole vikaanza kuwasha. Vikavimba, vikatoa maji, na kucha zikaanza kuachana na nyama. Nikaenda kwa daktari wa ngozi mjini.

"Ni mzio wa jeli," akasema. "Ukishaupata ni wa maisha. Tafuta kazi nyingine."

"Hata nikivaa glavu?"

"Jeli inapenya glavu, dada."

Kazi nyingine gani? Nichume chai kwa vidole hivi? Kupaka kucha ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiweza, na niliipenda, aki niliipenda. Nilirudi kibandani nikalia mpaka Fardosa akaja kunifungia mlango. Taa ya kukaushia kucha nilimwachia yeye. Sikutaka hata kuiona.

Nyumbani nilimwambia mama nimeacha kazi ya kucha. Sababu sikumwambia. Mikono niliificha kwenye mifuko ya sweta, na yeye hakuiulizia. Alinikumbatia, akaenda jikoni akiimba.

Sabato iliyofuata, wakati wa ushuhuda, mama akasimama. Mama yangu, ambaye akiulizwa jina mbele ya watu anaangalia chini! Akaenda mpaka mbele.

"Wapendwa, Bwana asifiwe. Huyu mtoto wangu alikuwa anakwangua rangi kila Ijumaa akidhani sioni. Mimi naona mabaki pembeni mwa kucha, nanyamaza, naomba. Tangu aanze hiyo kazi nimenyamaza nikiomba tu. Sasa ameacha! Orpah, mama, simama. Inua mikono kanisa lione."

Alijua. Ijumaa zote hizo, nikijichuna kwa wembe ili asijue, alijua! Neno moja tu pale jikoni, hata la kunitukana, na leo ningekuwa na kucha zangu na kazi yangu. Nilimchukia, kisha nikamhurumia, kisha sikuhisi kitu tena.

Nilitoa mikono mifukoni nikaiinua. Amina zilianza kwa nguvu. Halafu waliokaa karibu nami wakanyamaza, na wa benchi la nyuma yao pia, mpaka kanisa lote likawa kimya.

Mama alikuwa amefumba macho. Aliendelea kushukuru.