Kikomo cha Shemeji

Katika kituo kile cha redio walimwita Koki, kama koki ya bomba la maji, na jina likamkaa kama kofia ya kupimiwa. Kazi yake ilikuwa kutunza seva, ile mashine kubwa iliyohifadhi kila sauti ya kituo, na kuamua nani achote kiasi gani kwenye diski zake. Watu waliapa kwamba Koki akikohoa matangazo yanakwama, na kwamba siku moja alipiga chafya, taarifa ya habari ikasomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mwenyewe hakukanusha. Mtu akizuliwa uongo mzuri namna hiyo, kukanusha ni utovu wa adabu.

Chumba cha seva kilikuwa chini ya ngazi. Hakikuwa na dirisha, na baridi yake ilitosha kumfanya mtu mzima amkumbuke mama yake. Koki alishinda humo amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, hata siku ambazo jua nje lilikuwa likipasua mawe. Diski zilikuwa za wote: watu wa habari walisoma na kuandika humo, watu wa matangazo ya biashara vilevile, na chumba cha kumbukumbu nacho kikaleta mzigo wake. Zamani kila programu ilijichotea ilivyotaka, na yenye mdomo mpana ikawaacha wenzake na kiu. Koki ndiye aliyezipanga katika makundi, kila kundi na mgawo wake.

Kugawa kuna njia mbili, na alizieleza kwa yeyote aliyefanya kosa la kumuuliza. Ya kwanza ni uzito. Kundi lenye uzito mkubwa hupita mbele kukiwa na msongamano, lakini msongamano ukiisha, hata mwenye uzito mdogo hukimbia apendavyo. Ya pili ni kikomo. Kundi likishawekewa kikomo halivuki hapo, hata diski ikae bure, hata dunia nzima iwe imelala.

"Uzito ni adabu," alikuwa akisema. "Kikomo ni pingu."

Chumba cha kumbukumbu kilishikwa na shemeji yake, mjane wa marehemu mdogo wake. Wawili hawa walikuwa wakitaniana tangu siku ya posa, na hawakuwahi kupumzika.

"Shemeji, hiyo kofia umeivaa au imekuvaa?" mwanamke angeuliza akipita na kikombe cha chai.

"Imenivaa. Na wewe utajifunza lini kutembea bila kutangaza? Visigino vyako vinanaswa mpaka masafa mafupi."

Marehemu alikuwa mtangazaji wa mpira. Alitangaza mechi za mitaani kiasi kwamba wachezaji wenyewe, wakisikiliza baadaye, walishangaa walivyo hodari. Yupo kipa mmoja aliyefungwa mabao saba, lakini kwa jinsi alivyosifiwa alivyokuwa akiruka, mtaa mzima ulimbeba juujuu mpaka kwao, na timu iliyoshinda ikarudi nyumbani kimyakimya kwa aibu. Alifariki wakati kitinda mimba wake, binti, bado anatambaa. Binti huyo sasa alikuwa mrefu kuliko mama yake, na sauti ya baba aliijua kwa kusimuliwa tu.

Ndiyo maana siku ghala la jengo la zamani lilipofagiliwa na ikaokotwa diski moja kuukuu, nzito kama tofali, shemeji mtu aliibeba kwa mikono miwili kama anabeba uji wa moto. Humo mlikuwa na kwaya, mahojiano, maigizo, na folda nzima ya mpira. Nakala nyingine haikuwepo popote duniani. Ilipowashwa ikaanza kugonga: tik, tik, tik. Kila anayejua diski anajua maana ya mlio huo. Inatoa sauti kama mtu anayetafuta fimbo yake aondoke.

Akaiunganisha kwenye seva, akatanguliza folda ya mpira kwenye foleni, akaanza kuhamisha.

Hazikupita dakika nyingi, msomaji wa habari akiwa hewani, akatamka kwa ile sauti yake ya mazishi ya kitaifa: "Waziri amewataka wafanyakazi wote wa serikali..." Hapo ndipo ilipaswa kuingia sauti ya waziri mwenyewe. Haikuingia. Diski ya seva ilikuwa imeelemewa, faili la waziri likakwama mlangoni, na mashine ya studio, kwa kuchoka kusubiri, ikaruka mpaka tangazo lililofuata: "...kulala! Magodoro yetu ni laini kuliko mawingu!"

Mkuu wa habari alishuka ngazi, nyingine hakuzigusa kabisa.

"Koki! Nani anakunywa diski yote?"

Koki alitazama skrini yake. Jibu lilikuwa wazi kama jino la mbele. Angeweza kulisema hapohapo kwa upole. Lakini mkuu alikuwa amefoka mbele ya watu, na watu walikuwa wameshakusanyika kwenye korido kuona nani atachinjwa, na Koki aliona heri achinjwe mwingine. Akatoka, akaenda mpaka mlango wa chumba cha kumbukumbu, mkuu na wenzake nyuma yake.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kuchekesha umati, "ndiyo unahamisha mizigo ya nyumbani kwa gari la ofisi? Hebu sema ukweli. Mume ndiye unayemtafuta humo ndani!"

Korido ikaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Utani wa mashemeji una uwanja mpana sana, lakini una ukuta, na Koki alikuwa ameugonga kwa paji la uso. Mwanamke alimtazama kidogo, kisha akageukia kompyuta yake, akaishika ile folda ya mpira iliyokuwa mbele ya foleni na kuiburuta mpaka chini kabisa, nyuma ya kwaya, nyuma ya mahojiano, nyuma ya maigizo ambayo hata walioyaigiza wameyasahau.

"Cha watu kwanza," akasema. "Changu kitafuata."

Koki akarudi kwenye baridi yake, mkuu wa habari kamsimamia mgongoni. Uzito ungetosha. Angelipunguzia kundi la kumbukumbu uzito, habari ingepita mbele na mambo yakaisha. Lakini uzito hauonekani kwa macho, na mkuu alitaka kuona mtu amefungwa. Tena ile "cha watu kwanza" ilikuwa bado inamchoma Koki. Akaweka kikomo. Akakiweka chembamba, kama tundu la sindano.

"Hapo," akasema. "Haturukiwi tena na godoro."

Habari zikasomwa vizuri tangu siku hiyo. Katika chumba cha kumbukumbu, faili zilipita moja moja, kama mchwa wanaovuka barabara. Shemeji aliamini ni uzee wa diski. Aliiwekea feni ndogo, akaiinua juu ya vitabu viwili ipate hewa, akawa anaiita Babu.

"Huko kwako ni sawa, shemeji?" aliuliza siku moja, amesimama mlangoni. "Huku mambo yanatambaa."

"Kwangu sawa," alisema Koki, macho kwenye skrini. "Diski yenyewe kuukuu hiyo, ulitegemea nini? Mzee hakimbizwi."

"Kweli. Babu wa watu. Simharakishi."

Akaondoka kwa visigino vyake. Koki alijiambia kesho atalegeza. Kesho yake feni ya seva ikaharibika. Kesho kutwa akaumwa jino. Kila siku ilikuja na udhuru wake, umefuliwa na kupigwa pasi.

Jumamosi alirudi kituoni kuchukua miwani aliyoisahau. Vipindi vya mwisho wa wiki vilikuwa vimerekodiwa mapema na vilipigwa kutoka kompyuta ya studio, kwa hiyo seva haikuwa na mgeni. Miwani ilikuwa mbele ya skrini. Aliivaa, na kitu cha kwanza kuona kikawa mistari ya makundi yake. Habari: sufuri. Biashara: sufuri. Kumbukumbu: mstari mmoja mnyoofu, umenyooka chini ya kikomo chake kama uzi uliovutwa, haupandi wala haushuki.

Akasimama pale. Diski zote zile, nguvu yote ile, hazina wa kumhudumia, na mtu pekee mwenye shida alikuwa anatembezwa kwa kunyata katika barabara isiyo na gari hata moja. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila jioni watu wakishaondoka, tangu siku ya godoro. Kile alichomnyima shemeji yake hakikuwa kimekwenda kwa mtu yeyote. Kilimwagika tu.

Mkono ukaenda kwenye kibodi. Ilikuwa mstari mmoja wa kufuta.

Kisha likamjia wazo, na lilikuja limevaa vizuri. Akifungua sasa, nani atajua? Shemeji atafika Jumatatu akute kazi imekwisha, amshukuru Babu na feni yake. Lakini akifungua Jumatatu mbele yake, aone namba zinavyoruka, acheke, apige makofi, na yale maneno ya korido yafe hapohapo bila mtu kuombwa radhi. Koki aliiona picha yote. Yeye alisimama katikati yake.

"Jumatatu," akaiambia seva. Akazima taa.

Jumatatu shemeji hajatua hata mkoba, Koki kashafika. "Njoo uone maajabu. Leo nakufungulia dunia!"

"Kuna nini? Umeota jino jipya?"

"Kaa, wewe tazama."

Akafuta ule mstari kutoka kompyuta ya palepale. Kwa pumzi moja hakikutokea kitu. Kisha majina ya faili yakaanza kukimbia kwenye skrini kwa kasi ya kumtia mtu kizunguzungu. Kwaya zilikuwa zimeshapita, mahojiano yakafagiliwa, maigizo yakaanza kumwagika kama mahindi gunia likipasuka. Shemeji alipiga kigelegele mpaka mlinzi wa getini akaja mbio.

"Kumbe Babu anakimbia! Mwone, shemeji, mwone Babu! Leo jioni mwanangu anamsikia baba yake!"

Koki alicheka. Ilikuwa vilevile alivyoiona Jumamosi, pamoja na makofi. Kisha makofi yakapungua. Mwanamke alikuwa bado anatazama skrini, lakini uso ulikuwa unafanya hesabu.

"Kumbe si yeye aliyekuwa mzee," akasema polepole.

Maigizo ya mwisho yakapita. Folda ya mpira ikafunguka, jina la faili la kwanza likajitokeza. Tik, tik, ikasema diski. Tik. Halafu ikatoa mlio mrefu, kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji, na kunyamaza. Feni ndogo peke yake ikaendelea kuipepea.

Walibadilisha kebo. Waliiacha ipoe. Waliipeleka kwenye mashine nyingine, na nyingine. Mwishowe waliipeleka mjini kwa fundi wa diski, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi, ambaye aliifungua na kuwaonyesha uso wake wa ndani ulivyokwanguka, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Imejitahidi, hiyo. Mngemaliza mwisho wa wiki, tusingejuana mimi na nyinyi."

Shemeji aliifunga ndani ya kitambaa. Waliporudi kituoni alivaa vipokea sauti, akasikiliza lile faili la kwanza la mpira, lililowahi kuvuka kipande tu, kisha akavivua na kumpa Koki. Kulikuwa na kelele za watazamaji. Filimbi ya refa. Kisha, karibu kabisa na kipaza sauti, mtu akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyejaa maneno kifuani. Basi. Mpaka hapo.

Koki akavua vipokea sauti akaviweka mezani kwa uangalifu, kana kwamba vingeweza kumwagika.

"Nikuulize," shemeji alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Hicho kikomo chako ulichokifuta. Uligundua lini kwamba ndicho kinachonibana?"

Mtu aliyewahi kusimulia kwamba alitengeneza redio kwa kijiko na uzi wa viatu, na akaaminiwa, hakosi jibu. Lakini hili alilitafuta. Jumamosi ilikuwa hapo kwenye ulimi, na miwani yake, na taa aliyoizima.

"Jumatatu," akasema. "Asubuhi ileile. Nilipoona tu, nikakuita."

Shemeji alimtazama machoni, akatikisa kichwa kukubali. Alimwamini. Miaka yote hiyo ya utani hawakuwahi kudanganyana kwenye jambo la kweli.

"Najua. Ungeona mapema ungefungua."

"Ningefungua."

"Basi usijitese. Na mimi si ndiye niliyempeleka mwisho wa foleni? Kiburi changu." Akajaribu kutabasamu. "Tena vua hiyo kofia, shemeji, humu hakuna baridi. Unafanana na njiti ya kibiriti."

Koki akaivua, akaishika magotini. Angetoa kila alichonacho asitaniwe siku ile.

Simu ya shemeji ikalia. Alikuwa binti. Mama mtu alisikiliza, akageuka upande wa ukuta. "Hapana, mama. Haikuwezekana... Hapana, hakuna wa kulaumiwa, ilikuwa kuukuu tu. Baba yako mkubwa amehangaika nayo mpaka basi. Yuko hapa." Akamnyooshea Koki simu. "Anataka kukushukuru."

Hakukuwa na namna ya kuikataa.

"Shikamoo, baba mkubwa," ilisema sauti ya msichana, nzito kidogo kwa kulia. "Mama ameniambia. Ahsante kwa kujaribu."

"Marahaba." Akaikunja kofia kwa mkono wa pili. "Tulikwenda mbio kadiri tulivyoweza, mwanangu."