Bi Ghaliya Ataka Kwenda Manah

Kuruthum alitoka Tanga kwenda Ibra kumtunza Bi Ghaliya, bibi wa miaka themanini na mbili aliyezaliwa Unguja mjini na kuhamia Omani akiwa mke wa mtu. Mwanawe wa pekee, Khalaf, alikuwa mhandisi Maskati, akija kila Alkhamisi jioni na kurudi Jumamosi. Alimtaka mtumishi anayejua Kiswahili, mama apate wa kuzungumza naye.

Kabla ya hapo Bi Ghaliya alikuwa akitoka mwenyewe asubuhi, na fimbo yake, kwenda barazani kwa shoga yake Bi Kaltham. Siku moja akaanguka njiani akavunjika mkono. Tangu hapo Khalaf akafunga geti kwa kufuli. Ufunguo mmoja alikaa nao yeye, wa pili akampa jirani, Aflah. Akaweka na kamera, sebuleni na uani, awaone kwenye simu.

Chakula kililetwa, dawa zililetwa. Chumvi kidogo, sukari hakuna. Kuruthum alimtembeza bibi ukumbini, kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa chumba, mara kumi asubuhi na mara kumi alasiri. Mwanzo bibi alimsimulia habari za Unguja. Mwezi wa nne hadithi zikapungua. Akawa anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. Kuruthum mwenyewe alikuwa hajakanyaga njia tangu siku aliyoteremka garini.

Kilichobaki ni simu ya Bi Kaltham. Wanawe walikuwa wamempeleka kwenye makazi ya wazee huko Manah, na kila akipiga alikuwa na jipya. Asubuhi wanatembea chini ya mitende. Wapo wanawake watatu wa Unguja, wanasukuma kete za keram mpaka adhuhuri, na mmoja ni mwizi. Bi Ghaliya alicheka siku ile, na jioni akamaliza wali wake.

Alipomwambia Khalaf kuwa naye anataka kwenda, Khalaf alidhani mama anamtania. Kisha akakasirika kwa adabu. Alisema nyumba anayo na mtumishi anaye, amekosa nini?

Mwezi wa sita, siku ya Alkhamisi, umeme ulikatika saa nne asubuhi. Viyoyozi vikazima. Saa tano ukumbi ulikuwa kama tanuri, na madirisha yote yana nondo. Kuruthum alimpigia Aflah, akaambiwa yuko Sinaw kwenye soko la mbuzi. Akampigia Khalaf, Khalaf akasema anatoka sasa hivi, lakini Maskati si karibu. Kuruthum akaligonga geti kwa sufuria. Njia ilikuwa tupu, watu wote wamejifungia kwa sababu ya joto. Aliwaza kuwaita polisi, akamwogopa tajiri wake, kwani kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa mikononi mwake.

Akarudi ndani, akalowesha kanga, akamfunika bibi kifua na miguu, akawa anampepea na kumnywesha maji kidogo kidogo. Bibi alikuwa akipumua kwa shida. Kuna wakati alimwita Kuruthum kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, na Kuruthum akaitika.

Khalaf alifungua geti saa nane kasoro, shati limemganda mgongoni. Alimkuta mama yake chini kwenye marumaru, kichwa kwenye mapaja ya mtumishi. Alimbeba hadi garini, akawasha kiyoyozi, akapiga magoti nje ya mlango wa gari akimshika mikono.

Bi Ghaliya aliponyanyua macho alisema, "Nipeleke Manah, mwanangu."

"Mama, watu watasema Khalaf kamtupa mamake."

"Watu hawamo mle ndani ya nyumba. Nimo miye na huyu mtoto wa watu."

Khalaf alifunga mlango, akaliondoa gari. Hospitali walimpa bibi maji ya mshipa na kumlaza siku mbili. Wiki tatu baadaye Khalaf aliipakia mwenyewe mizigo ya mama yake, akikunja kila nguo mara mbili.

Bi Ghaliya aliomba aende na Kuruthum. Khalaf akaeleza kwamba makazi yana wauguzi wake, hayapokei watumishi wa nje. Kuruthum atahamia Maskati, kwa mkewe Ibtihal, mpaka mkataba uishe. Umebaki mwaka na nusu. Kuruthum alilijua hilo tangu siku alipoanza kumwombea bibi dua aende, akamwombea hivyo hivyo.

Mwezi wa nane familia ilimchukua Kuruthum kwenda kumwona bibi. Bi Ghaliya alikuwa amenenepa mashavu. Alilalamika kuwa mchuzi wa huko hauna nazi, na geti nalo lina mlinzi, hutoki bila idhini. Lakini alikuwa na haraka, wenzake wanamngoja mezani.

"Shikamoo, bibi," Kuruthum alisema, akaubusu mkono wake.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wanakutoa nje?"

Kuruthum alitazama walipo Khalaf na Ibtihal, akajibu kwamba leo wamemtoa. Bi Ghaliya aliushikilia mkono wake, akamwita mwanawe, akamwambia mbele ya mkewe kwamba msichana huyu apewe Ijumaa yake ya kutoka. Khalaf alisema inshallah. Walipofika Maskati magharibi ilikuwa imeingia, na Ibtihal akamwambia Kuruthum kuna nguo za kupiga pasi.