Kadi Moja kwa Watoto Wawili

Hivi wewe, umewahi kumwona mtu mzima, mwenye akili zake timamu, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji anaubembeleza waya? Basi huyu binti ndivyo alivyokuwa asubuhi ile. Magoti chini, shavu limekaribia kugusa ukuta, anasema, "Jamani, waka. Waka ukae hivyo hivyo, nakuomba." Kitaa cha kijani kikawaka, kikamtazama kidogo, kikazima.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, nyuma ya nyumba ya mama yake. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kutotolea vifaranga, makabati ya mbao ambayo marehemu baba yake aliyaunda kwa mikono yake, kila moja na kioo kidogo mlangoni na trei za waya ndani. Kabati la kwanza lililea mayai siku kumi na nane za mwanzo. La pili lilikuwa la kuangulia. Siku hiyo yote mawili yalikuwa yamejaa, na yale ya kabati la pili yalikuwa na siku ya kumi na tisa. Ukitega sikio kwenye ubao ulisikia kitu kinagonga ndani ya maganda, ti, ti, ti, kama ukucha juu ya meza.

Shida ilikuwa joto. Vidhibiti joto vya makabati yale vilikuwa na tabia ya kunata. Vilibadilishwa mara mbili na bado siku nyingine vinasahau kuzima, joto linapanda, mayai yanaivia humo humo. Wiki tano nyuma ilitokea hivyo, yakaiva yote, hakupona hata kifaranga mmoja. Mama alisema alipitiwa na usingizi. Toka siku hiyo hakulala tena kitandani. Aliweka kiti cha plastiki katikati ya makabati mawili, akajitanda shuka, akashika penseli na daftari, na kila nusu saa akawa anaandika joto. Mchana na usiku. Miguu ikamvimba mpaka ndara zikawa hazimwingii.

Binti alipokuja likizo akamkuta kwenye kiti kile, kichwa kinaanguka na kuamka. Akasema, "Mama, siondoki hapa mpaka ulale."

Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, na neno la fundi ni deni kwake mwenyewe. Akatengeneza bodi mbili za kielektroniki, kila moja kama biskuti, moja kwa kila kabati. Bodi inapima joto, inapeleka habari kwenye ruta ya intaneti iliyo sebuleni juu ya kabati la vyombo, na joto likizidi, simu ya mama inalia kichwani pake. Alijaribu kwanza bila waya, lakini mabati yale yalimeza mawimbi yote. Ndipo akaamua kuvuta waya wa mtandao: kutoka sebuleni, kupitia dirisha la jikoni, ukutani kwa vibanio, mpaka kwenye kisanduku cha kugawia, na pale ikatoka mikia miwili, huu kwa kabati hili, ule kwa lile.

Bodi ya kwanza ilimchukua siku nne. Ya pili ilimchukua saa moja, kwa sababu hakuianza upya. Mama yake alikuwa mshonaji enzi zake, na alimfunza toka utotoni kwamba ukishapata kigezo kizuri, usihangaike kupima tena. Weka juu ya kitambaa, kata. Basi na yeye akachukua programu ya bodi ya kwanza nzima nzima, akaimimina kwenye ya pili, akabadilisha namba moja tu ya kuitofautisha. Akajiona mjanja kweli.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi. Basi lake lilikuwa linaondoka saa nane mchana, na kesho yake asipoingia kiwandani, kazi hana. Na bodi hazishiki. Hii inazungumza, inakatika. Ile inazungumza, inakatika. Alikuwa amekata vichwa vya waya na kuvibana upya mara tatu, vile vinyuzi vinane vya rangi akivipanga kimoja kimoja mpaka ncha za vidole zikaota malengelenge. Alibadilisha chaja. Alibadilisha matundu. Alichomoa bodi ya kwanza, ya pili ikafanya kazi kama malaika. Akairudisha, zikaanza tena ugonjwa wao.

"Umeme hautoshi," akasema. Akaongeza umeme. Wapi.

Jirani mmoja akaingia, mzee wanayemwita Bwana Haraka kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu duniani. Alikuwa ameagiza vifaranga hamsini na kila siku anakuja kuvijulia hali.

"Ndio hii mitambo?" akauliza, anainama kidogo kidogo. "Mbona kama kitafunio?"

"Usiiguse, baba, tafadhali."

"Siigusi. Nina meno matatu, nitaitafunia nini?" Akacheka mwenyewe. Kisha akamgeukia mama. "Ila ni vizuri, mama pacha. Maana siku ile nilipokuja kukuta mlango uko wazi, na wewe uko..."

"Bwana Haraka," mama akamkata, "chai yako inapoa jikoni."

"Chai? Mimi sijamiminiwa chai."

"Basi nenda ukajimiminie."

Mzee akamtazama mama, akamtazama binti, akatoka taratibu. Binti akaushika waya tena. Akili yake yote ilikuwa kwenye kile kitaa.

Saa sita ikafika. Joto la chumba likawa la kuokea mkate. Binti akamkabidhi mama kompyuta yake mapajani, akamwambia, "Mama, wewe ni mvumilivu. Kila dakika tazama hapa. Hii ni bodi ya kwanza, hii ya pili. Ikiwa na alama ya kijani andika ndiyo, ikiwa haina andika hapana." Mama akavaa miwani, akachonga penseli, akapiga mistari daftarini kwa rula, kama alivyofundishwa darasa la nne. Binti akarudi chini kukagua waya wote, kipande kwa kipande, mpaka dirishani na kurudi.

Ilipogonga saa saba alikaa sakafuni akashika tama. Begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa tayari. Akakitazama kile kiti cha plastiki na miguu ya mama iliyoumuka chini yake, ngozi imenyooka inang'aa. Akajua akishapanda basi, mama atabaki pale pale, na usiku mmoja kichwa kitaanguka kisiinuke tena.

"Nimeshindwa," akasema. Machozi yakamtoka, akayapangusa kwa mkono uliojaa vumbi la saruji. "Mama, nimeshindwa. Uza mayai. Uza na makabati. Twende ukakae kwangu."

"Chumba kimoja, na kitanda kimoja?"

"Nitalala chini."

"Acha kulia kwanza, uje usome." Mama akamnyooshea daftari. Kwenye kiwiko chake palikuwa na kovu jipya, jeusi, ambalo binti aliliona na kudhani ni la moto wa jikoni. "Mimi sijui mambo yenu. Lakini tazama. Huyu akisema ndiyo, mwenzake hapana. Mwenzake akisema ndiyo, huyu hapana. Nimeandika mistari hamsini na minane, hakuna hata mmoja wenye ndiyo mbili."

Binti akatazama. Ilikuwa kweli, safi kama mshono wa mashine.

"Hawa wananikumbusha wewe na pacha wako," mama akasema. "Mlipokuwa wachanga nilipoteza kadi moja ya kliniki. Nikaona aibu kusema. Nikawa nawapeleka nyote wawili kwa kadi ile ile, leo wewe, wiki ijayo mwenzako. Wewe ulikuwa kibonge, yeye kajiti. Basi yule muuguzi anaandika kilo tisa, anaandika saba, anaandika tisa na nusu, anaandika saba. Akanishika mkono, masikini, akaniambia, mama, huyu mtoto ana ugonjwa mkubwa sana. Kumbe mtoto hana lolote, ni wawili ndani ya kadi moja."

Binti alikuwa ameanza kucheka huku analia. Kisha kicheko kikakatika ghafla. Akaivuta kompyuta kutoka mapajani mwa mama.

Maana kila bodi ina namba mbili. Ya kwanza ni kama namba ya chumba, unapangiwa. Hiyo ndiyo aliyoibadilisha. Ya pili ni ya utambulisho wa kadi yenyewe ya mtandao. Kadi nyingi huzaliwa nayo kiwandani, lakini hizi ndogo za sokoni hazina, fundi anaiandika mwenyewe ndani ya programu. Na yeye alikata kwa kigezo. Bodi zote mbili zilikuwa zikijitambulisha kwa namba ile ile, na kile kisanduku cha kugawia, kama yule muuguzi, kilikuwa kinamtafuta mtoto mmoja katika sehemu mbili.

Akabadilisha tarakimu ya mwisho. Moja tu. Akaipeleka programu kwenye bodi ya pili, akachomeka waya, akazuia pumzi.

Kijani. Na kijani.

Dakika kumi nzima mama akawa anaandika. Ndiyo, ndiyo. Ndiyo, ndiyo. Binti akafungua kabati la kwanza, akakifunika kipimo cha joto kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, na simu kwenye mfuko wa mama ikalia kwa nguvu mpaka mama akaruka. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Njoo," binti akasema. Akamshika mkono, akampeleka chumbani, akamlaza, akaiinua miguu yake juu ya mto, akaweka simu pembeni ya sikio. "Sasa lala. Nalikimbilia basi."

Mama akalala anatazama dari.

"Na vile vidude vikinyamaza je? Sisemi joto kupanda. Kunyamaza tu."

"Nimeviwekea hilo pia. Vikinyamaza dakika tano, simu inalia."

"Inalia wapi?"

"Hapo, sikioni kwako."

"Na kama mwenye simu ndiye aliyenyamaza?"

Binti alikuwa ameshaliinua begi. Akasimama nalo mlangoni. Lile kovu jeusi la kiwiko lilikuwa juu ya shuka nyeupe sasa, na akayakumbuka maneno ya Bwana Haraka yaliyokatwa katikati.

"Mama. Siku ile ilikuwaje?"

"Sikupitiwa na usingizi," mama akasema. Macho hayakutoka darini. "Nilianguka. Asubuhi, naangalia joto la saa tatu. Nilikaa pale sakafuni mpaka Bwana Haraka akanikuta jua linazama, mkono hauinuki, mdomo hautoi neno. Nikawa nawasikia wanagonga ndani ya mayai. Kisha nikawasikia wanaacha, mmoja mmoja."

Begi likateremka polepole mpaka chini.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nyie mna kazi zenu." Mama akaisukuma ile simu mbali na sikio lake, mpaka ukingoni mwa kitanda, upande wa binti. "Mimi sikutaka kengele, mwanangu, wala huo usingizi sikuutaka. Nilikaa kwenye kile kiti kwa sababu niliogopa kuanguka tena pasipo mtu wa kujua. Nilitaka ubaki. Nilitaka kukuambia toka ulipoingia mlangoni. Usiende leo."