Desibeli Sita za Shemeji

Fundi saa hakuwa mtu wa kuamini upesi. Miaka thelathini alikuwa akifungua saa za watu walioapa kwamba hazikuanguka. Basi seremala, kaka wa mkewe na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipoleta antena ya duara aliyoiunda kwa bomba la shaba, akidai inaushinda ule waya mrefu wa juu ya paa uliokuwa antena ya zamani, fundi saa hakubisha. Alisema wapime.

Walipimia chumba cha juu, adhuhuri. Redio ilinasa kituo kimoja cha mbali, sauti ikaingia kwenye kompyuta kwa kebo huku spika imezimwa, na kompyuta ikachora mstari wa ukubwa wake kwa desibeli, kipimo cha sauti. Fundi saa aliketi mbele ya kioo cha kompyuta. Shemeji alikaa nyuma yake, kando ya redio, akiuona mstari juu ya bega lake, na kila dakika alihamisha swichi: waya, duara, waya, duara.

Duara lilishinda kwa desibeli sita. Kila zamu, sita.

Fundi saa akaingiwa na mdudu moyoni. Mawimbi ya mbali hupanda na kushuka kama pumzi za mgonjwa. Tofauti ya antena mbili haigandi namna ile. Tena shemeji, ambaye huongea hata akiwa na misumari mdomoni, leo alikuwa kimya kama maji mtungini.

Shemeji aliposhuka kunywa maji, fundi saa alichomoa antena zote mbili nyuma ya redio, akaziegesha palepale kama hazijaguswa. Redio isiyo na antena huvuma mvumo wake tu, na swichi haiwezi kuubadili.

Wakaanza upya. Mstari ulilala chini. Ilipofika zamu ya duara, ukapanda. Sita.

Fundi saa hakugeuka. "Shemeji, toa mkono kwenye kitufe cha sauti."

Shemeji akauondoa. "Umejuaje?"

"Antena zote nimezichomoa."

Seremala akaeleza, akimung'unya maneno. Ncha ya pili ya waya imefungwa kwenye paa lake, naye anataka kuongeza ghorofa, maana binti yake anarudi nyumbani na watoto. Lakini waya ule fundi saa aliufunga pamoja na marehemu baba yake mwenyewe. Nani angethubutu kumwambia aukate?

"Ungeniambia tu."

"Nilikuambia mwaka jana. Ukasema nina wivu."

Fundi saa alikumbuka, akazichomeka antena mahali pake. Walipima tena, safari hii yeye mwenyewe akishika swichi, na waya ukashinda kwa tatu.

Wiki iliyofuata alipanda paani akaufungua kwa mikono yake. Sasa anasikiliza kwa duara, vituo vichache kuliko zamani, na hakuna anayemuuliza kwa nini waya umeondoka. Ila chumba cha juu amekitia kufuli, na mkewe akiuliza ni la nini, husema anazuia vumbi; kaka yake hamtaji.