Ukurasa Uliomshinda Bi Mkubwa

Mashine yetu ya kuchapishia tunaiita Bi Mkubwa, maana mume wangu aliingia naye dukani kabla hajanioa mimi. Kila nikisema tununue nyingine, Fundi, ndivyo ninavyomwita mume wangu, ananitazama kama nimemtukana mama yake.

Siku ya kisa hiki mama yake mwenyewe alikuwa anastaafu. Ni mkunga. Manesi wenzake waliniomba nimtengenezee kitabu: kila ukurasa picha ya mtoto aliyezaliwa mikononi mwake, na chini yake maneno mawili matatu ya wazazi. Zililetwa picha sitini. Sherehe ilikuwa saa tisa na wazazi wote wamealikwa. Nani angesimama mbele ya mama wa mtu amwambie mwanawe hayumo kitabuni?

Saa tano nikaanza. Bi Mkubwa akachapa, akakohoa, akaandika kwenye kioo chake kidogo: memori imejaa. Dawa yetu ya siku zote ni kubonyeza kitufe cha kijani. Nikabonyeza, akaendelea. Akagoma tena, nikabonyeza tena. Mara tatu hivyo. Alipomaliza nikahesabu karatasi: hamsini na nane. Kompyuta inasema ametumiwa sitini na moja.

"Fundi," nikaita, "huyu mpenzi wako amekula kurasa."

"Hesabu tena, labda zimegandana."

Nikahesabu tena. Hamsini na nane. Ndipo nikang'amua kwamba kile kitufe hakimsaidii hata kidogo. Kinampa ruhusa tu ya kuuruka ukurasa uliomshinda. Miaka yote hiyo tunabonyeza! Nikawafikiria wateja wetu na barua zao, nikaona aibu mpaka masikioni.

"Halafu, sitini na moja imetoka wapi? Mimi nimeweka sitini."

Fundi akaanza kutafuta bisibisi. Alikuwa ameishika mkononi.

Kurasa mbili kati ya zile tatu zilizorukwa zilikuwa na picha za simu, kubwa kupita kiasi. Nikazipunguza, nikazituma mojamoja, zikatoka vizuri. Ukabaki wa mwisho kabisa, ambao hata kompyuta ilichukua muda kuufungua.

"Nani ameskani kitu hiki kwa ubora wa juu kabisa? Ukurasa mmoja una uzito kuliko kitabu kizima!"

Fundi akasogea karibu. Picha ikajifungua taratibu: nyayo mbili za wino kwenye kadi ya hospitali, fupi kuliko kidole changu cha kati. Kadi ile nilikuwa nimeificha chini ya nguo zangu kwa miaka sita. Ni ya binti yetu, aliyeishi siku mbili. Mama mkwe ndiye aliyempokea, na ndiye aliyempaka wino miguuni.

"Nilitaka kila mstari uonekane," Fundi akasema. "Hata ile midogo. Nilirudisha kadi palepale. Ukitaka tuutoe, mke wangu, tunautoa sasa hivi."

Nililia, sifichi. Yeye akabaki amesimama na bisibisi yake. Nilipotulia akainama kwenye kompyuta.

"Basi nipunguze ubora kidogo, utatoka."

"Usiguse! Hapunguzwi mtu hapa."

Tukamzima Bi Mkubwa, tukachomoa waya. Fundi akaingia stoo, akafungua mashine nyingine iliyokufa zamani, akang'oa kipande chake cha memori na kukipachika kwa Bi Mkubwa huku akimbembeleza kwa maneno ambayo mimi sijawahi kuambiwa. Wakati huo mimi nilikuwa najaza nafasi ya maneno ya wazazi, ambayo Fundi alikuwa ameiacha wazi. Niliandika jina la binti yetu tu. Nikatuma ukurasa ule peke yake.

Bi Mkubwa alinung'unika karibu dakika nne. Fundi alinishika mkono. Karatasi ikatoka ya moto, na mistari yote ipo.

Saa tisa mama mkwe alifungua kitabu mbele za watu. Alicheka kila ukurasa, akiwataja watoto na vituko vya mama zao siku ile ya uchungu. Alipofika wa mwisho alikisogeza kitabu karibu. Akaweka kiganja juu ya zile nyayo, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Njoo, mwanangu," akasema. Nikaenda, akaniinamia sikioni. "Mimi nikiulizwa nina wajukuu wangapi, huwa namhesabu na huyu. Nilidhani nahesabu peke yangu."