Fundi Bado Yu Kazini

Randa ilisikika kwanza. Kwaruu, kwaruu, kisha kimya kidogo cha mtu anayepuliza vumbi, kisha kwaruu tena. Kijana alipoingia uani aliona ubao mrefu umebanwa mezani na randa ikienda na kurudi juu yake, maranda yakijikunja na kudondoka. Mtu hakuonekana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usinizibie mwanga."

Kijana akasogea.

Baba yake, seremala, alikuwa haonekani tangu Jumapili ile shairi la mwanawe lilipotoka gazetini. Lilikuwa shairi la beti sita la kumlilia fundi aliyekufa, na ubeti wa nne ulifungwa kwa mshororo uliowaliza watu wengi:

*Randa imelala kimya, fundi yuko kaburini.*

Seremala hakuwa amekufa. Asubuhi hiyo alikuwa ananyoa ndevu. Katikati ya shavu la pili kioo kikabaki na ukuta tu, akamalizia kwa kupapasa. Mkewe alimgusa kidevu akamwambia amemaliza vizuri, kisha akaenda kuchemsha chai.

Wateja walikuja, wakasikia msumeno, wakaona meza tupu, wakatoa pole na kwenda kwa fundi mwingine. Bwana mmoja aliyekuwa ameagiza kitanda alikataa kukichukua. Alisema hawezi kulala juu ya kazi ya marehemu.

"Marehemu mwenyewe ni mimi," sauti ya seremala ilimwambia, "na kitanda hakina kasoro."

"Pole sana, mzee," bwana yule alijibu, akaondoka.

Kijana aliitwa Malenga, jina alilojipa mwenyewe. Ushairi hakufundishwa na mtu. Alijifunza akiwa amekaa juu ya lundo la maranda, akihesabu mizani kwa vidole, kidole kimoja baada ya kingine, akigonga paja lake. Kwa miaka mingi magazeti hayakumjibu. Aliwaambia watu kwamba wahariri wana masikio ya mbao. Baada ya shairi la fundi, watu asiowajua walimsimamisha barabarani, wakamkumbatia, wakamwambia wamelia. Alikuwa ameanza kuizoea hali hiyo, akitembea polepole kidogo sokoni.

Siku hiyo, alipotoka kwa baba uani, mama yake alikuwa jikoni anamenya vitunguu.

"We Malenga," mama alisema, "baba yako ulimuua kwa nini?"

"Mama, si mimi. Ni kina. Ubeti mzima unaishia na *ni*."

"Na *kazini* inaishia na nini?"

"'Fundi yuko kazini' ni mizani saba. Zinatakiwa nane. Huwezi kuelewa."

Mama aliweka kisu chini, akakunjua vidole. "Fu-ndi-ba-do-yu-ka-zi-ni. Nane hizo. Na vitunguu nimeshamaliza."

Kijana alihesabu pajani, kisha akahesabu tena. Zilikuwa nane. Masikio yalimwaka moto. Alisema mtu asiyejua ushairi hawezi kumfundisha mshairi. Mama akasema hamfundishi mtu, anachotaka ni kumwona mume wake, kwa sababu amechoka kumkanyaga.

"Jumamosi si unasoma maktaba?"

"Nasoma."

"Basi soma hivyo. Fundi bado yu kazini."

"Nitasoma, mama."

Jumamosi mchana ukumbi wa maktaba ulijaa. Seremala alipiga pasi shati, akatangulia kwenda kukaa safu ya tatu. Mkutubi alimkaribisha mshairi na kumuuliza kwa nini anaandika.

Kijana alikuwa na jibu. "Naandika," alisema, "ili watu wasioonekana waonekane."

Watu walipiga makofi. Kiti cha safu ya tatu kilichoonekana kitupu nacho kilipiga makofi, kwa nguvu kuliko vyote.

Kisha akasoma. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Leso zilikuwa tayari mikononi. Alipofika mwisho wa ubeti wa nne alisema:

*Randa haijanyamaza, fundi bado yu kazini.*

Seremala akaanza kuonekana. Vilitokea viatu, ikaja suruali yenye alama za gundi, kisha shati lililopigwa pasi, na mwisho uso, na penseli nyuma ya sikio. Mwanamke aliyekaa nyuma yake alimgusa bega.

"Mzee, inama kidogo, sioni."

Seremala akainama.

Lakini leso zilibaki kavu. Watu walitazamana. "Sasa tulie nini hapo?" mmoja aliuliza. "Hili tangazo la samani?" Kicheko kikapita ukumbini. Mwingine alisema kwamba la gazetini lilikuwa na uchungu, hili limepoa kama chai ya ofisini.

Muuza dawa wa mtaani kwao akasimama. "Mimi nalipenda hili. Huyu fundi kanirekebishia mlango wa duka juzi tu. Lile la kwanza lilikuwa uongo."

"Kaa, mama," walimwambia. "Haya ni mambo ya fasihi."

Akakaa.

Siku zote kijana alisema kwamba mshairi anayemwogopa msomaji akauze nyanya. Sasa alizitazama zile leso. Kisha akamtazama baba yake, ambaye alikuwa amekaa mzima mzima, akitabasamu, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Samahani," kijana alisema. "Nilisoma rasimu."

Akarudia ubeti wa nne kama ulivyotoka gazetini. Alipolitamka *kaburini*, kiti cha safu ya tatu kilionekana kitupu. Mwanamke wa nyuma alisema ahsante, akafuta macho. Ukumbi mzima ulikuwa unalia, na makofi yalichukua muda mrefu kwisha. Muuza dawa alichukua mkoba wake akatoka.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa bado kali, na kivuli kilikuwa kimoja. Viatu vya baba vilisikika kando yake.

"Nilipoonekana pale," baba aliuliza, "uliniona vizuri?"

"Nilikuona, baba."

"Ndevu je?"

"Ulibakiza kidogo. Chini ya kidevu."

"Mama yako aliniambia nimemaliza."

Walitembea. Kijana alitamani atukanwe. Alipunguza mwendo ili kutoa nafasi ya kutukanwa.

"La kaburini ni zuri zaidi," baba alisema. "Hata mimi nililia."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mwanawe, kisha akatazama nafasi iliyo kando yake, akianzia chini miguuni na kupanda taratibu hadi mahali ambapo uso ungekuwa. Alisogea pembeni akaacha upenyo wa watu wawili kupita.

Kijana alisimama akamtazama mama alivyoegemea mlango. Mkono wake ulishuka pajani.

"Mwanangu," baba alisema karibu na sikio lake. "Mama yako usimwandike."

Kidole cha kwanza kiligonga paja, kikafuata cha pili, na cha tatu. Hesabu ilipofika saba vidole vikasita, vikitafuta mizani ya nane.

"Simwandiki, baba," alisema. "Naahidi."