Mdomo wa Direkta Pontien

Kila asubuhi, saa kumi na mbili kasoro robo, Mama Odile alifungua ofisi ya foni, redio ya kuitia meli, bandarini Kalemie kando ya ziwa, akafuta maikrofoni kwa pindo la kitenge chake, akawasha redio na kuwaita manahodha wa kampuni ya meli mmoja mmoja: nani yuko Moba, nani amepakia samaki, mota ya nani inakohoa. Foni ilipoharibika aliifungua mwenyewe akaichomea waya. Ni yeye aliyepanga meli zisubiri treni ya mahindi kutoka Nyunzu, maana zamani meli ziliondoka saa mbili, treni ikaingia saa nne, na mahindi yakaota gatini.

Mtu wa kazi hiyo huitwa Shefu wa Safari. Kiti cha Shefu wa Safari kilikuwa wazi tangu mwaka 1975, alipofariki Papa Omer, na sasa ulikuwa mwaka 1984. Kwa miaka tisa Mama Odile alikuwa amefanya kila kazi ya kiti hicho akiwa opereta wa muda. Alitaka kitu kimoja tu: barua yenye saini na muhuri inayomtaja kwa kazi anayoifanya.

Mwenye kusaini alikuwa direkta, Citoyen Pontien, yaani Raia Pontien, kama chama tawala kilivyotaka watu waitwe, mtu wa tumbo na wa kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiandika. Kazi yake kubwa ilikuwa mkutano wa Jumatatu. Mama Odile alisema jambo, na wakuu sita wa idara wakatazama dari. Pontien akakohoa, akanywa maji, kisha akasema jambo lile lile, na wale sita wakaandika.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Mama Odile alifungua mdomo aseme kwamba mota ya meli ya nahodha Ignace ibadilishwe kabla upepo wa kusini haujaanza. Maneno yakatokea kwenye mdomo wa Pontien. Sauti ilikuwa ya Pontien, lakini maneno yalikuwa ya Mama Odile, hakuna lililopotea njiani. Wale sita wakaandika. Mkutano ulikwisha robo saa mapema, kwa kuwa kikohozi na maji havikuhitajika tena, na kila mtu akaona kampuni inaendelea.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Kwa mambo ya nyumbani ulimi wa Mama Odile ulibaki wake: alifukuza mbuzi, alibishana na wauza mihogo, aliimba kanisani. Neno la kazi tu ndilo lililohamia kwa direkta, popote alipokuwa. Ikabidi Pontien, aliyezoea kufika ofisini saa nne, aletwe kwenye foni alfajiri na kuketishwa mbele ya maikrofoni, akipiga miayo kati ya sentensi na sentensi huku mdomo wake ukiongoza meli nne. Manahodha waliulizana Mama amekwenda wapi, kisha wakazoea. Pontien alilalamika kwamba kazi inammaliza. Kampuni ikampa kiti chenye mto.

Mwezi wa sita mke wa Pontien, Mama Rosalie, alimfuata Mama Odile nyumbani.

“Mama Odile, unisamehe. Jana magaribi tuko tunakula sombe, bwana yangu anasema kwa meza: filtre ya mazuti imeziba, mafuta hayafike kwa mota. Watoto wanamuangalia tu. Ulikuwa unasema mambo ya kazi?”

“Nilikuwa naelezea dada yangu, Mama Rosalie.”

“Basi ukuwe unamaliza mbele ya saa moja. Chakula kinapoa.”

Mama Odile aliahidi, na ahadi yake aliitimiza. Hakuwa na ugomvi na Rosalie.

Mwezi wa saba chama kilituma ujumbe kutoka Kinshasa, ukiongozwa na Citoyenne Henriette, mwanamke aliyetembea na wasaidizi wawili, mmoja wa kubeba hotuba na mmoja wa kuanzisha makofi. Walikuja kufanya semina ya masomo ya kazi kutoka kwa wanawake viongozi wa biashara na ufundi. Kila kampuni ya mji ilete kiongozi wake mwanamke. Kampuni hii haikuwa na kiongozi mwanamke. Ilikuwa na Mama Odile, na kwa siku moja ikaona anatosha.

“Wewe njo utasema,” Pontien alimwambia. “Ufundishe wale wasichana wa shule namna mwanamuke anapanda cheo. Kisha semina, nasaini barua yako.”

“Direkta, nitasema na mudomo gani?”

“Nitakuwa pale mbele. Usiogope.”

Ukumbi wa shule ya wasichana ulijaa. Mama Odile alisimama kwenye maikrofoni na kufungua mdomo, na Pontien, aliyeketi mstari wa kwanza, akaanza kueleza jinsi ya kusoma anga la ziwa na jinsi ya kumshika mkuu wa stesheni mpaka aseme ukweli kuhusu treni. Citoyenne Henriette hakushangaa. Alimwomba tu Pontien apande jukwaani asikike vizuri, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa moja, akamwomba Mama Odile akakae. Mama Odile akakaa kando, kwenye kiti cha mbao, na kuendelea kufungua mdomo.

Wasichana waliandika. Wale wakuu sita nao waliandika, ingawa hakuna aliyewatuma. Mama Odile alimtazama Pontien anavyokunja ndita kwa busara isiyo yake. Akakata shauri aseme yote.

“Hii kazi yote ninafanya mimi,” Pontien akasema jukwaani. “Miaka kenda. Direkta hajue hata kuwasha foni. Kazi yake ni kukohoa, kisha anarudilia yenye nilisema. Barua yangu haiko na saini mpaka leo. Musingoje muntu awape ruhusa, mutazeeka mukingoja.”

Citoyenne Henriette akasimama, macho yamelowa.

“Mumesikia? Huyu ni mwanaume amejiweka kwa nafasi ya mwanamuke, mpaka anajidharau mwenyewe.”

Mama Odile aliinuka kitini akapaza sauti.

“Ni mimi njo nimesema,” Pontien akanguruma.

“Tunajua, Citoyen,” Henriette akamjibu kwa upole.

Msaidizi akaanzisha makofi, na wasichana wakayapiga kama walivyofundishwa juma zima. Pontien alivishwa nishani jioni ile, na kabla mwezi haujaisha akaitwa Kinshasa kuwa mshauri wa maendeleo ya wanawake. Aliondoka kwa ndege ya Ijumaa. Barua hakuisaini, kwa sababu kalamu zote tatu zilikuwa zimekwisha kufungwa sandukuni.

Jumatatu iliyofuata, saa nne, Ignace aliita kutoka Moba: amepakia abiria thelathini, atoke? Ziwa lilikuwa limeanza kuvimba. Mama Odile alishika maikrofoni akasema, na hewani hakikutoka kitu. Kinshasa, Pontien, aliyekuwa akipokea wageni ofisini, akasema: “Ignace, usitoke, upepo wa kusini umeamuka.” Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Katibu wake akaandika.

Mama Odile akanyakua kijiko cha chai akaanza kuigonga maikrofoni kama mwenye wazimu.

“Mama, ni wewe?” Ignace akauliza. “Nikae?”

Akagonga mara moja, kwa nguvu. Ignace akakaa. Abiria thelathini walilala Moba wakilaani kampuni, wote wazima. Kufikia mwisho wa juma manahodha wote wanne walikuwa wamejifunza lugha ya kijiko, na meli ziliendelea kwenda na kurudi. Direkta mpya, Augustin, alimwambia Mama Odile kwamba yeye hawezi kusaini ahadi za mwenzake.

Mwezi wa kumi na mbili ndege ilileta sanduku la vijitabu vyenye picha ya Pontien kwenye jalada: masomo yake ya kazi, kwa mwanamke wa leo. Kila mfanyakazi mwanamke alitakiwa kuchukua kimoja na kukisoma mpaka akijue kwa moyo. Wanawake walikuwa watatu: Mama Odile, Denise wa mashine ya kuandikia, na Victorine wa kufagia. Karani aliwapitishia daftari. Mbele ya jina la Mama Odile alikuwa ameandika cheo, opereta wa muda. Mama Odile akasaini, akapewa kijitabu chake.

Denise alianza kusoma kwa sauti, kwa sababu Victorine hakujua kusoma. Somo la kwanza: Ignace, usitoke. Chini yake wataalamu walikuwa wameeleza kwamba mwanamke mwenye akili hana haraka. Somo la nne: filtre imeziba. Maana yake, mwanamke asafishe moyo wake kila siku. Somo la tisa: barua yangu haiko na saini mpaka leo. Maana yake, mwanamke anayependa kazi haangalii karatasi.

Denise akaweka kidole kwenye mstari. Akamgeukia Mama Odile.

“Mama, hili la kenda sijalielewa vizuri. Wewe unaona njo namna gani?”

Mama Odile akafungua mdomo amweleze, na kule Kinshasa Pontien akaanza somo la kumi.